Mizani Iliyokataa Gunia

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa akili nyingi huondoa maarifa. Sisi wa Klabu ya Sayansi tuliyaona hayo kwa macho yetu.

Hapa shuleni baadhi ya wazazi hulipa karo kwa mahindi. Basi tukaunda mizani ya umeme ya stoo. Chini yake kuna kihisi, yaani kifaa kinachogeuza uzito kuwa umeme mdogo sana, milivolti chache tu. Kompyuta ndogo huusoma umeme huo mara 10 kwa sekunde na kuonyesha kilo.

Taabu ilianza mashine ya kusaga unga iliyo jirani ilipowashwa. Mota kubwa ikiwashwa au kuzimwa hurusha kelele ya umeme, nayo huingia katika nyaya za kihisi. Gunia la kilo 90 likasomeka hivi: 90, 91, 90, 30, 90. Tukadhani dawa ni wastani. Kumbe wapi! Jumla ni 391. Gawanya kwa 5, unapata 78.2. Mzazi amepokonywa karibu kilo 12 kwa ajili ya kipimo kimoja cha uongo!

Tukajifanya wajanja. Tukaiagiza kompyuta: kipimo chochote kitakachoruka zaidi ya kilo 5 kutoka kile ulichokubali mwisho, kitupe. Kelele ikatoweka, tukapigana pambaja. Kesho yake mama mmoja akaleta gunia lake. Mizani ikasema 0. Tukangoja. Bado 0! Mama akatuuliza, "Wanangu, kwani nimebeba hewa?" Tuliona haya ajabu.

Je, kosa lilikuwa wapi? Gunia likiwekwa, uzito huruka kutoka 0 hadi 90. Huo ni mruko wa kweli, lakini kompyuta iliutupa. Kipimo kilichofuata kikalinganishwa na 0 ile ile, nacho kikatupwa. Gunia lingekaa pale hadi jioni bila kuonekana.

Mwalimu wetu wa fizikia akatupa siri: kelele hupita, ukweli hukaa. Chukua vipimo 5 vya mwisho, vipange kuanzia kidogo hadi kikubwa, kisha uteue cha katikati. 30, 90, 90, 90, 91: cha katikati ni 90. Ile 30 imebaki pembeni haina la kusema. Na gunia likiwekwa? 0, 0, 90, 90, 90: cha katikati ni 90 vilevile. Unachelewa vipimo 3 tu, kama theluthi ya sekunde. Baada ya hapo ndipo wastani unafaa, kwa kutuliza vile vikelele vidogo vidogo. Karani angoje sekunde moja tu tarakimu zitulie.

Hata hivyo, kelele ikidumu vipimo 3 kati ya 5 itapenya. Ndiyo sababu kinga ni bora kuliko tiba. Tulizisokota nyaya za kihisi pamoja, tukaziweka mbali na nyaya za mota.

Yule mama alirudi wiki iliyofuata. Mashine ilikuwa ikinguruma, na gunia lake likasoma 90. Alicheka, nasi tukapumua.

Wanafunzi wenzangu, jambo likikushtua, usiliamini papo hapo, wala usilitupe. Lisubiri kidogo, likirudia mara tatu, lipokee.