Kuachishwa Masomo na Kupokewa Upya: Suala la Istilahi

Maneno ya Kiswahili yanayomhusu mwanafunzi wa chuo aliyeshindwa masomo hayajatulia bado. Katika vyuo vingi vya Marekani, anayepata wastani ulio chini ya 2.0 katika kipimo cha 4.0 huwekwa chini ya uangalizi. Asipoinua alama zake katika muda uliowekwa huachishwa masomo, na akitaka kurudi hana budi kuomba. Hatua ya kwanza, ikiitwa probesheni, humpotosha msikilizaji wa Kenya, kwani neno hilo limekwisha kuchukuliwa na mahakama, na aliyelemewa na hisabati si mhalifu. “Uangalizi” lafaa zaidi.

“Kufukuzwa” nako hudokeza utovu wa nidhamu. “Kuachishwa” hakuna lawama hiyo. (Wanafunzi wa Tanzania, wasiongoja wanaistilahi, husema “kudisko”.)

Penye utata mkubwa ni “kurudishwa”. “Amerudishwa” yaweza kumaanisha kwamba amerejeshwa chuoni au amepelekwa kwao. Na isitoshe, kumrudi mtoto ni kumwadhibu. “Kupokewa upya” huondoa utata huo, lakini hakusemi yote. Huko Marekani, aliyepokewa upya na chuo aweza kuwa bado amenyimwa msaada wa fedha wa serikali kuu, ambao una masharti yake ya maendeleo ya masomo na rufani yake mbali. Barua isiyotenganisha mambo hayo mawili humrudisha kijana darasani bila karo.