Sambusa za Mvuke za Machakos, na Swali la Kilichomo Ndani

Chakula kilichofungwa ndani ya unga hudai uaminifu mkubwa kuliko chakula kilicho wazi. Pilau hujionyesha yenyewe siniani. Nyama, viazi na mchele vyote viko machoni pa mlaji. Sambusa haionyeshi kitu. Nyumbani hatulisumbukii jambo hilo, kwa kuwa tunamjua aliyenunua nyama, aliyekata vitunguu na aliyekunja manda. Tunapotoka pwani tukaketi mbele ya sahani ya ugenini ndipo swali linapozuka: ndani mna nini?

Swali hili lina umri. Ibn Battuta, msafiri yule wa Tanja aliyepita Mombasa mwaka 1331, alipofika Delhi baadaye alieleza sambusa zilizoandaliwa katika baraza la Sultani Muhammad bin Tughluq: nyama iliyosagwa kwa lozi, vitunguu na viungo, ndani ya unga mwembamba uliokaangwa kwa samli. Msomaji wa pwani akiyapata maelezo hayo atadhani yametoka jikoni kwa jirani yake. Lakini msafiri huyo huyo alipofika China aliona nyama ya nguruwe ikiuzwa sokoni hadharani, na mambo aliyoyaona huko yakamuudhi hata akawa hapendi kutoka nje ila kwa haja. Aliandika pia kwamba katika miji ya nchi ile Waislamu walikuwa na mitaa yao na misikiti yao, na naamini humo ndimo alimokula kwa utulivu.

Waislamu hao wangalipo. Wahui, ambao lugha yao ni Kichina kama majirani zao, hutengeneza jiaozi, yaani vifurushi vidogo vya unga wa ngano vyenye nyama na mboga, kwa nyama ya kondoo au ya ng'ombe. Milangoni mwa mikahawa yao huandikwa qingzhen, neno linaloshika nafasi ya halali kwao. Hata kisa kinachosimuliwa kuhusu asili ya chakula hiki kinamtaja kondoo. Husemwa kwamba tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi zama za ukoo wa Han, aliwaona maskini ambao masikio yao yameharibika kwa baridi, akachemsha nyama ya kondoo pamoja na dawa, akaifunga kwa unga kwa umbo la sikio, akawagawia. Kiwe kweli kisiwe kweli, ni kisa kizuri. Basi asemaye kwamba jiaozi ni chakula cha nguruwe tangu asili hasemi kweli. Nguruwe ni mazoea ya walaji wengi wa huko, wala si sharti la chakula chenyewe.

Mambo haya yalinijia akilini Machakos, katika mji ule wa vilimani uliopewa jina la Masaku, mzee wa Kikamba. Mpwa wangu ameoa huko. Mkewe alisilimu kabla ya nikaha. Wazazi wake ni Wakristo, watu wa heshima iliyotulia. Tulikwenda kuwazuru sisi sita. Tulipanda Miritini treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, tukashuka Athi River, tukamalizia kwa matatu. Tulidhani tutakaribishwa muthokoi nyumbani, na mimi binafsi nilikuwa nautamani. Kumbe wenyeji wetu walikuwa wametuwekea meza katika mkahawa mpya wa mjini, unaopika jiaozi kwa kuchanganya mapishi ya Kichina na ya Kizungu. Walikuwa wameziweka fedha kando kwa siku ile. Mama wa mke wa mpwa wangu alijifunga leso ambayo mikunjo yake ya dukani ilikuwa bado haijanyooka.

Hapo pana jambo zito kuliko chakula. Mwenyeji amejinyima ili akutukuze, nawe unaijongelea meza huku moyoni una hesabu nyingine.

Orodha ya vyakula ilikuwa ndefu. Palikuwa na jiaozi za nyama ya ng'ombe kwa tangawizi, za nguruwe kwa kabeji, za kuku, za kamba wa baharini, za spinachi na jibini, na za uyoga uliopikwa kwa malai. Nyingine zilipikwa kwa mvuke katika vikapu vya mianzi. Nyingine zilikaangwa upande mmoja kwa siagi, zikaletwa na mchuzi mzito wa mvinyo. Mchanganyiko huo haukunishangaza sana. Ulaya nako kuna ndugu wa chakula hiki: Waitalia wana ravioli, Wapolandi wana pierogi, Warusi wana pelmeni, na Waturuki, walio mlangoni mwa Ulaya, wana manti zinazomiminiwa maziwa ya mgando. Mtu aliyezoea ravioli hatashtuka kuona jibini ndani ya jiaozi. Mchina wa kaskazini huenda akashtuka. Shangazi yangu, ambaye hakutaka kuvunja ulimi wake kwa jina la Kichina, aliziita sambusa za mvuke, nami nitamfuata.

Aliyeuliza ni mke wa mpwa wangu. Aliuliza kwa Kikamba, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wazazi wake, kana kwamba anauliza bei. Nilimpenda zaidi kwa hilo. Mhudumu akaenda kumwita mpishi, kijana wa hapo hapo mjini, akaja akijifuta mikono, akajibu kila swali bila kukunja uso. Ya nguruwe, alisema, ina vikapu vyake na sufuria zake na meza yake ya kukandia, kwa sababu Wasabato nao huuliza. Nilifurahi kusikia kwamba wapo wengine waliotutangulia katika udadisi. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunaujua uzito wa chombo kilichoguswa na nguruwe. Kukiosha mara saba, moja yake kwa udongo, si jambo la kulitarajia mkahawani.

Nyama ya ng'ombe ndiyo iliyonipa funzo. Nilidhani hapo ndipo pa shaka, kumbe sipo. Katika machinjio mengi ya Kenya wachinjaji ni Waislamu, na kiwanda cha Kenya Meat Commission, kilichoanzishwa mwaka 1950, kiko Athi River, ndani ya kaunti hiyo hiyo ya Machakos, na huchinja kwa utaratibu wa Kiislamu. Mpishi alimtaja mwenye bucha wake na machinjio anakochukulia. Hapo hatukuwa na neno. Lakini akaongeza kwa ukweli kwamba nyama ile ikishasagwa huchanganywa na sosi ya soya, mafuta ya simsim na mvinyo wa mchele, na ya siku ile ilikuwa imekwisha changanywa. Nyama halali ikawa imeharibiwa na kijiko kimoja. Kuku walichinjwa nyuma ya jiko na yeyote aliyekuwa na nafasi. Tukawaacha kwa tahadhari. Kuhusu jibini alituletea pakiti yenyewe, nasi tukasoma kwamba kigandishi chake hakikutokana na mnyama.

Basi tukabakiwa na kamba, spinachi na uyoga. Kamba hao waliwachekesha wenyeji wetu wasio na mazoea na Kiswahili cha baharini. Baba mkwe aliuliza kwa utulivu kama watu wa pwani wamekuja kuwala jamaa zake. Meza nzima ikacheka, na nadhani cheko lile lilifanya kazi kuliko maelezo yetu yote ya madhehebu.

Zilipoletwa zilikuwa za moto, unga wake mwororo unaoteleza, rangi ya kijani au ya waridi ikipenya kutoka ndani. Za kamba zilikuwa bora: tangawizi, kitunguu majani, chumvi kidogo, basi, ukizichovya katika siki yenye pilipili huhitaji kitu kingine. Za uyoga na malai zilipendwa na watoto. Za jibini, kwa maoni yangu, zilikuwa nzito bila sababu. Jibini ilifunika ladha ya spinachi na kuganda ilipopoa. Ami yetu mkubwa hakuridhika na jiko linalopika nguruwe hata kwa vyombo mbalimbali. Akanywa chai na kula ndizi. Hakumhubiria mtu, wala hakuna aliyembembeleza.

Mama mwenyeji alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba laiti angalijua la kuuliza angaliuliza yeye siku mbili kabla, na akataka aandikiwe. Mke wa mpwa wangu akaandika nyuma ya risiti: nani amechinja, je, nguruwe hupikwa hapa, na vyombo ni vile vile, je, kuna mvinyo ndani ya kiambaupishi au ndani ya mchuzi, siki imetokana na nini, jibini imegandishwa kwa nini, na je, kuna jelatini. Hili la mwisho lisisahauliwe na akina mama wanaosafiri, kwa kuwa zipo jiaozi za Shanghai zenye mchuzi ndani, ambao hufungwa ukiwa umeganda kama jeli kisha huyeyuka kwa mvuke, na jeli hiyo kwa kawaida hutokana na ngozi ya nguruwe. Mtu huuma akidhani ni maji ya nyama tu. Mahali palipobandikwa cheti cha halali, tazama pia tarehe yake ya mwisho.

Nimezijaribu nyumbani mara tatu tangu turudi. Kanda vikombe vitatu vya unga wa ngano kwa maji na chumvi kidogo hadi ukandike bila kushika mkononi, uufunike nusu saa. Kata kabeji ndogo ndogo, itie chumvi, ikae, kisha ikamue maji yake yote. Ukiliruka hili unga utapasuka. Changanya na nyama ya kondoo iliyosagwa, tangawizi, kitunguu majani, pilipili manga na kijiko cha mafuta ya simsim. Badala ya mvinyo, kamulia ndimu. Sukuma vipande vidogo, pembeni pawe pembamba kuliko katikati, jaza, kunja nusu mwezi na ubane vizuri. Wachina wa kaskazini huzichemsha: maji yakifura hutia kikombe cha maji baridi, yakifura tena huongeza, hata mara tatu, ndipo huziopoa. Kwa mvuke, tandika majani ya kabeji juu ya chungio, uliweke juu ya sufuria ya maji yanayochemka na ufunike kwa dakika 12 hivi. Zisigusane, maana zikishikana ukizitenganisha kilichomo hutoka.