Bajaji ya Umeme Inapoishiwa Nguvu Mapema: Pima Kwanza, Ndipo Uhukumu



Katika ziara zangu za ukaguzi nimekutana na lalamiko moja kutoka kwa vyama vinavyomiliki bajaji za umeme: chombo kilichokuwa kikifanya kazi tangu asubuhi hadi jioni kwa chaji moja, sasa kinazimika saa saba mchana. Aghalabu lalamiko hilo huja na hukumu mbili zilizokwisha kukatwa. Ya kwanza ni kwamba betri zimekufa, kwa hiyo zinunuliwe nyingine zote. Ya pili ni kwamba dereva hasemi kweli juu ya safari zake, na fedha zinaishia mfukoni mwake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kutambua ubaya ulipo, kabla chama hakijatoa fedha au kumfukuza mtu kazi.

Maelezo haya yanahusu betri za risasi na tindikali, za aina ile ile ambayo kwa miaka mingi imeendesha magari madogo ya viwanja vya gofu. Betri za lithiamu zina utaratibu wake. Hizo zisifunguliwe, bali zipelekwe kwa fundi anayezifahamu.

HESABU MBILI ZA KUANZIA

Tuchukue bajaji yenye betri 5 za volti 12, kila moja ikiwa ya ampea-saa 100. Zikiungwa kwa mfuatano hutoa volti 60. Sitini mara mia ni wati-saa 6,000, yaani uniti 6 za umeme kama zile tununuazo kwa LUKU. Haifai kuzimaliza zote, kwa kuwa betri ya risasi inayokaushwa kila siku hufa mapema. Dereva akitumia uniti 4 au 5, mita itahesabu kiasi cha uniti 6 ili kuzirudisha, maana sehemu ya umeme hupotea kwa joto wakati wa kuchaji.

Basi, bajaji inaporudi ikiwa imeishiwa nguvu, soma mita kabla ya kuchomeka chaja, kisha uisome tena chaja inapomaliza, vyombo vingine vya mita hiyo vikiwa vimezimwa. Andika uniti zilizoingia na kilomita zilizokwendwa.

Ikiwa uniti ni chache na kilomita ni chache, basi betri zimepungua uwezo wa kutunza umeme, au chaja inakata mapema. Ikiwa uniti ni zile zile za zamani lakini kilomita zimepungua, basi umeme unaingia lakini unaliwa mahali pengine. Yafaa kuanza na magurudumu, breki na mzigo.

BETRI MOJA KATI YA TANO

Chama kimoja wilayani Temeke, ambacho bajaji yake hupita njia za mchanga kati ya Mbagala na Chamazi, kiliona kilomita 70 za kila siku zikishuka hadi 35. Kamati ilikuwa imekwisha kumwandikia dereva barua ya kumtaka ajieleze, na kuazimia kukopa fedha za betri 5. Niliomba tusome mita kwanza. Usiku ule ziliingia uniti 3 na nusu tu, na chaja ikawasha taa ya kijani. Dereva alikuwa akisema kweli: hapakuwa na umeme wa kwenda kilomita 70.

Baada ya betri kupumzika saa kadhaa tulipima kila moja peke yake. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi, ikisoma 11.9 imekwisha. Nne zilisoma 12.7 na moja 12.3. Tukapima tena bajaji ikivuta mzigo. Nne zilibaki karibu na volti 12, na ile moja ikaanguka chini ya 10. Kipimo hiki cha pili ndicho cha kutegemewa zaidi, kwa sababu betri mbovu huweza kuonekana nzima inapopumzika.

Betri zilizoungwa kwa mfuatano hupitisha mkondo mmoja. Ile dhaifu ikiisha, nguvu ya jumla huanguka na bajaji husimama, ingawa nyingine nne bado zina akiba. Ndiyo sababu uniti zilizoingia zilikuwa chache.

Tulipofungua vifuniko tulikuta bamba za seli mbili zimebaki wazi, maji yamekauka. Betri hiyo ilikuwa nyuma ya chuma cha kiti, na mkono wa mtiaji maji haukuifikia vizuri. Hapakuwa na mtu aliyepewa kazi hiyo kwa maandishi. Kwa kuwa betri zote zilikuwa na miezi 8 tu, ilinunuliwa moja ya aina na ukubwa ule ule. Kama zingekuwa kuukuu, isingefaa kuchanganya mpya na za zamani, kwani zile za zamani huichosha ile mpya.

Maji yatiwayo ni yale yaliyokenekwa, wala si ya kisima, ambayo katika sehemu nyingi za Dar es Salaam yana chumvi. Tahadhari: wako wauzaji wanaoita tindikali pia "maji ya betri". Tindikali isiongezwe kamwe. Maji hutiwa baada ya kuchaji; lakini bamba zikiwa wazi, zifunikwe kwanza kidogo, kisha chaji, ndipo ujaze. Betri iliyozibwa na kiwanda haifunguliwi.

UMEME UNAINGIA, KILOMITA HAZITOKI

Chama kingine, upande wa Tegeta, kilikuwa na ugonjwa tofauti. Uniti ziliingia zote, lakini kilomita zilipungua kwa theluthi. Tuliinua magurudumu ya nyuma na kuyazungusha kwa mkono: moja liliendelea kuzunguka, la pili likasimama mara moja. Breki ilikuwa haiachii, na mota ilishindana nayo kutwa nzima. Tairi nazo zilikuwa na upepo pungufu. Matengenezo yote yalimalizika kabla ya adhuhuri, bila kununua betri hata moja.

Angalia pia viungo vya waya. Kiungo chenye unga mweupe au wa kijani, au kinachopata moto safarini, kinakula nguvu. Fungua, safisha kwa maji yenye magadi bila kuyaingiza ndani ya seli, kausha, kaza.

UTUNZAJI WA KILA SIKU

Chaji bajaji kila jioni hata kama imetumika kidogo. Betri ya risasi ikiachwa tupu kwa siku kadhaa, chumvi hujijenga juu ya bamba na kuwa ngumu, na uwezo uliopotea aghalabu haurudi. Umeme ukikatika usiku, hakikisha asubuhi kwamba chaja imemaliza kabla bajaji haijatoka. Chaji mahali penye hewa, pasipo sigara wala moto, maana betri hutoa hewa inayolipuka. Vua pete na saa unaposhika spana. Tindikali ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi papo hapo na apelekwe hospitali.

Mwisho, kila chama kiwe na daftari la betri lenye tarehe, kilomita, uniti, siku ya kutia maji, na jina la aliyetia. Kama chama kile cha Temeke kingekuwa nalo, upungufu ungeonekana wiki ya kwanza. Kilinunua betri 1 badala ya 5, na barua ya dereva ikafutwa katika kikao kilichofuata. Naliomba kufutwa huko kuandikwe katika kumbukumbu za kikao, kwa kuwa tuhuma nayo ilikuwa imeandikwa.