Je, Wajua? Chumvi, Umeme na Chembe Zilizovaa Koti

Dhahabu yaweza kuwa nyekundu
Mwaka 1857, Michael Faraday alipata maji mekundu ya kung'aa kwa kusambaza ndani yake chembe ndogo mno za dhahabu. Chembe hizo hubeba chaji hasi, kwa hiyo husukumana na kuelea. Tia chumvi: ioni zake (chembechembe zenye chaji) huifunika chaji hiyo, chembe hushikana, na wekundu hugeuka buluu! Lakini chembe zikivishwa gelatini kwanza, chumvi haifui dafu. Baadhi ya chupa za Faraday zingali London, na rangi yake haijapotea.

Huenda umeshaiona dhahabu hiyo zahanatini
Mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria mara nyingi ni dhahabu halisi. Chembe zake zimevishwa kingamwili, ambazo ni protini, na protini ni polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo. Bila koti hilo, chumvi iliyomo kwenye damu ingezigandisha kabla hazijatoa jibu.

Baharini, umeme hauendi mbali
Katika maji safi kabisa, nguvu ya chaji ya chembe husikika hadi karibu nanomita 1,000. Katika maji ya bahari haifiki hata nusu nanomita, na unywele wako una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Hii ni sababu mojawapo ya tope la mto Rufiji kushikana na kutua linapokutana na Bahari ya Hindi.

Mbili kwa moja ni 64
Kwa hesabu ya nadharia, ioni yenye chaji mbili, kama ya kalisi, ina uwezo wa kugandisha chembe zisizo na koti mara 64 ya ioni ya sodiamu. Yenye chaji tatu, kama ya alumini? Mara 729.

Umeme usiozimika
Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Weka chembe isiyo na koti majini kati ya nyaya mbili za umeme, nayo itasogea. Ongeza chumvi, na mwendo wake utafifia kuelekea sifuri. Chembe yenye koti la polima lenye chaji nayo hupunguza mwendo, kisha hufika kiwango fulani na kugoma kushuka zaidi. Hiroyuki Ohshima wa Japani alilieleza jambo hili kwa hesabu: chaji imetawanyika ndani ya koti, maji hupenya humo, na umeme hulivuta koti lenyewe moja kwa moja. Hivyo, kwa kubadilisha chumvi tu na kupima mwendo, mtaalamu hukadiria ulaini wa koti na wingi wa chaji yake bila kuligusa. Mbinu hiyo imetumika hata kwa chembe nyekundu za damu, ambazo koti lake ni la sukari.

Maziwa yana nywele
Chembe za kasini katika maziwa zina vinyweleo vya protini vyenye chaji, ndiyo maana haziungani ingawa maziwa yana chumvichumvi nyingi. Kimeng'enya kutoka tumboni mwa ndama huvinyoa, na jibini huanza kuganda.