Unataka kufunza Kiingereza ng'ambo? Pasipoti yako itasomwa kabla hujafungua mdomo

Tuseme wewe ni kijana wa Msambweni. Ulimaliza shahada ya ualimu Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, masomo yako ni Kiingereza na Fasihi, namba ya TSC unayo, na huu ni mwaka wa tatu unafunza kama mwalimu wa BOM kwenye shule ya upili karibu na nyumbani. Mshahara huja ukitaka. Jumamosi unamshikia binamu yako duka la M-Pesa pale Ukunda. Jioni moja, ukiwa ndani ya matatu unarudi nyumbani, simu inatetemeka. Ujumbe wa WhatsApp.

"Walimu wa Kiingereza wanahitajika Asia haraka. Dola 1,500 kwa mwezi, nyumba bure, tiketi ya ndege bure. Huhitaji uzoefu. Tuma 150,000 tuanze viza."

Usicheke, na usijilaumu moyo ukidunda. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi walipoajiriwa mwaka 2023, malipo yalikuwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Piga hesabu ya dola 1,500, utaelewa kwa nini mtu anaanza kuiangalia mikorosho ya babu na kujiuliza ingemletea kiasi gani.

Makala haya hayakwambii usiende. Wapo Wakenya wanaofunza ng'ambo kihalali na wanajenga nyumbani. Lakini kabla hujatuma hata shilingi, kuna mambo unafaa kuyajua.

Kiingereza chako si tatizo

Umesoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne. KCSE ulifanya kwa Kiingereza, masomo yote isipokuwa Kiswahili. Katiba ya 2010 inasema Kiingereza ni lugha rasmi ya Kenya, bega kwa bega na Kiswahili. Kwa hivyo unadhani ukifika kwa mwajiri, atakusikiliza kwanza halafu aamue.

Pole. Kwanza atatazama pasipoti.

Chukua Korea Kusini. Viza yao ya kufunza lugha, inayoitwa E-2, kwa walimu wa Kiingereza imewekewa orodha ya nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Sasa tafakari kidogo: kule Afrika Kusini, chini ya mtu mmoja kati ya kumi ndiye anayezungumza Kiingereza kama lugha ya nyumbani. Wengine ni Wazulu, Waxhosa na makabila mengine waliojifunza Kiingereza shuleni, sawa na wewe uliyekijulia darasani. Wao wamo, wewe humo.

Hata orodha yenyewe haikuandikwa kwenye jiwe. Walimu wa Kiingereza wenye leseni kutoka India walifunguliwa mlango kupitia mkataba wa kiuchumi kati ya India na Korea ulioanza kutumika mwaka 2010. Maana yake ni kwamba haya ni mambo ya serikali kukaa mezani na kuelewana. Matamshi yako hayahusiki.

China nayo kwa kawaida hutaka mwalimu wa lugha awe ametoka nchi ambako lugha hiyo ndiyo ya kwanza, awe na shahada, uzoefu wa kazi na cheti cha maadili mema. Sharti hilo la lugha ya kwanza ni la walimu wa lugha. Ukiwa umesomea hisabati au sayansi, uliza upya, huenda ukapata jibu tofauti. Thailand iko wazi kidogo kwa walimu wasiotoka nchi hizo, na Wafilipino wengi wanafunza huko. Ila utaombwa shahada, na utaombwa ufanye mtihani wa Kiingereza kama TOEIC au IELTS. Ndiyo, wewe uliyesahihisha insha za Kidato cha Nne utakalishwa kitako ujaze maswali ya sarufi. Meza hasira, fanya mtihani, pita.

Kisha kuna ubaguzi ambao haumo kwenye sheria yoyote. Zipo shule za kibinafsi ambazo wazazi wanalipia sura: wanataka mwalimu mweupe, nywele za rangi ya mchanga. Unaweza kufaulu intavyu kwa simu, kisha ukaombwa picha, kisha kimya. Likikutokea, ujue halihusiani na ufundi wako.

Kioo kiko hapa hapa Diani

Ukitaka kuuelewa mchezo huu, huhitaji kupanda ndege. Shuka tu Diani. Mwaka baada ya mwaka wanakuja vijana kutoka Ulaya, wengine ndiyo kwanza wamemaliza shule, kujitolea kufunza Kiingereza kwenye shule za Kwale kwa wiki chache. Baadhi yao Kiingereza chenyewe si lugha ya mama. Hawana namba ya TSC. Watoto wanawapenda, wanaimba pamoja, picha zinapigwa, mgeni anarudi kwao.

Wengi wana nia njema na hatuna ugomvi nao. Lakini jiulize: kijana wa miaka 19 bila shahada anaweza kusimama mbele ya darasa Msambweni, na wewe mwenye shahada huwezi kusimama mbele ya darasa Seoul. Tofauti ni rangi ya jalada la pasipoti. Ukishalijua hilo, hutatikiswa na ajenti anayekwambia "lipa ada ya kozi ya matamshi ya Kimarekani, milango itafunguka". Matamshi hayabadilishi uraia.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni viza isiyo ya kazi. Ajenti atakwambia: "Ingia na viza ya utalii au ya mwanafunzi, ukifika shule itakubadilishia." Kwa China, viza ya kazi ni Z, na unaipata kabla hujasafiri. Sheria yao ya uhamiaji iliyoanza kutumika Julai 2013 inasema anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likiwa kubwa anafungiwa siku tano hadi kumi na tano. Baada ya hapo anaweza kufukuzwa nchini. Ukiwa huna kibali, mwajiri akikunyima mshahara utamshtaki kwa nani? Ukienda polisi, unajipeleka mwenyewe.

Mtego wa pili ni kazi za mtandaoni. Kuna wakati Wachina walikuwa wakilipa vizuri watu wa nje wawafunze watoto wao Kiingereza kwa video. Julai 2021 serikali ya China ilibana masomo ya ziada na kupiga marufuku kuwatumia walimu wa kigeni walio nje ya nchi kuwafunza watoto hao. Kampuni nyingi zilifunga. Kwa hivyo tangazo la leo linalokuahidi darasa la watoto wa Beijing ukiwa umekaa Ukunda, liulize maswali mawili matatu.

Mtego wa tatu ndio unaoua. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa onyo baada ya Wakenya kuahidiwa kazi nzuri Thailand, kisha wakavushwa mpaka hadi Myanmar. Huko walinyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kutapeli watu mitandaoni. Mapema 2025 Wakenya wengine waliokolewa kutoka kambi hizo na kurejeshwa nyumbani. Hawakuwa wajinga. Walikuwa vijana waliosoma, wanaojua kompyuta na Kiingereza, yaani watu kama wewe. Tangazo la kazi ya ualimu linaweza kuvaa kanzu ile ile.

Kwa hivyo fuata utaratibu huu bila aibu. Ajenti yeyote, hata kama ni rafiki wa mjomba, muulize namba ya leseni yake, kisha ihakikishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Tafuta shule yenyewe, ipigie simu, omba kuzungumza na mwalimu wa kigeni aliyeko huko sasa. Mkataba usome wote: unalipwa miezi kumi au kumi na miwili? Likizo ina mshahara? Nani anashika pasipoti? Jibu sahihi la swali hilo la mwisho ni wewe. Cheti cha maadili mema unaomba mwenyewe kupitia eCitizen, humpi mtu akuombee. Na nakala za kila kitu muachie mtu mmoja nyumbani unayemwamini.

Ukifika

Tuseme umefaulu, viza ni halali, na umetua. Kama ni kaskazini mwa China, Januari kwenye mji kama Harbin baridi hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, nawe umekulia Gazi. Kama wewe ni Mwislamu, utajifunza haraka kutafuta mikahawa ya Waislamu wa Kihui, ambao tambi zao za halali zimesambaa miji mingi. Ukitaka kumpigia mama baada ya Isha ya huku, kwako ni usiku wa manane, maana Beijing iko mbele yetu kwa saa tano.

Halafu darasani ndipo utagundua kitu ambacho hakimo kwenye tangazo lolote. Mtoto wa Kichina atasema kwa Kiingereza "mama yangu" kisha amtaje mama huyo kama mwanamume. Mwalimu kutoka London atashangaa. Wewe hutashangaa, kwa sababu umelisikia kosa hilo Msambweni kila siku. Kwetu "yeye" ni mwanamume au mwanamke, na katika Kichina cha kuzungumza neno lao "tā" nalo ni hivyo hivyo. Wewe ulianza na Kidigo, ukaja Kiswahili, kisha Kiingereza kikawa lugha ya tatu. Unajua mahali mtoto anapojikwaa kwa sababu na wewe ulijikwaa hapo, na unakumbuka ulivyoinuka. Kwenye intavyu, liseme hilo bila woga.

Milango mingine

Asia isikupumbaze ukadhani ndiyo dunia yote. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kufunza kwa Kiingereza, iliwahitaji walimu kutoka kwa majirani, wakiwemo Wakenya. Huko unarudi nyumbani kwa basi.

Kisha kuna lugha ambayo hakuna atakayekuuliza kama ni yako. Seoul, mji ule ule usioitambua pasipoti yako kwa Kiingereza, una Chuo Kikuu cha Hankuk kinachofunza Kiswahili. Beijing wanakifunza. Osaka wanakifunza. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa ufundishaji wa lugha umekuwa ukiwapeleka vijana wa Kenya kufunza Kiswahili vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja, na kutuma maombi ni bure. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, lakini hapo wewe ndiye mwenye lugha. Ukitaka kuanza kidogo kidogo, tovuti kama italki na Preply zina watu wanaotafuta mwalimu wa Kiswahili. Utahitaji intaneti isiyokatika na subira ya kupata wanafunzi wa kwanza.

Sasa turudi kwenye ile matatu. Simu bado iko mkononi na ajenti anasubiri 150,000. Usimtusi, na usimtumie. Mwandikie: "Asante. Nitumie namba ya leseni yako ya NEA, jina la shule, na aina ya viza." Halafu kaa siku mbili. Akileta vyote, vihakikishe kimoja kimoja kabla ya hatua nyingine. Akikasirika, akikuambia nafasi inajaza leo, au akinyamaza, umepata jibu, na mikorosho ya babu bado imesimama.