Hija si lazima iwe Yerusalemu: nyayo za imani zilizo jirani na Bombolulu

Wakristo wengi wanapotaja hija, fikira zao huelekea moja kwa moja Yerusalemu, Bethlehemu na Mto Yordani. Si ajabu kumpata muumini aliyedunduiza akiba kwa miaka mingi, au hata kukopa, ili akanyage ardhi aliyoikanyaga Yesu. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, mkazi wa Bombolulu, bara ya kaskazini ya Mombasa, huabiri matatu kila asubuhi kuelekea kisiwani na kupita Kengeleni bila hata kugeuza shingo. Wachache hujiuliza jina hilo lilitoka wapi.

Je, mahali paweza kumwongezea mtu imani? Biblia inatoa pande mbili za jibu. Katika kitabu cha Yoshua, Waisraeli waliagizwa kutwaa mawe 12 kutoka Yordani na kuyasimamisha, ili watoto wao watakapouliza maana yake wasimuliwe jinsi Mungu alivyowavusha. Mawe hayo hayakuwa na nguvu yoyote. Kazi yake ilikuwa kuzaa swali, nalo swali lizae masimulizi. Kwa upande mwingine, Yesu alimweleza yule mwanamke Msamaria kisimani kwamba ibada ya kweli haifungwi na mlima wala mji. Kwa hivyo, mahali hapamtakasi mtu. Panamkumbusha tu, na anayekumbuka vyema huamini kwa kina zaidi.

Kengele ya waliokombolewa

Kengeleni ilipata jina lake kutokana na kengele ya Frere Town, ambayo mnara wake ungalipo karibu na makutano ya barabara. Kijiji hicho kilianzishwa mwaka wa 1875 na shirika la wamishonari wa Kianglikana la CMS, chini ya William Salter Price, ili kuwapokea watu waliookolewa na manowari za Uingereza kutoka kwa majahazi ya watumwa. Kilipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Zanzibar mwaka wa 1873 kushinikiza kukomeshwa kwa biashara hiyo. Kengele iliwaita watu ibadani, na pia iliwatahadharisha wakazi kila wavamizi walipokaribia.

Miongoni mwa waliokijenga kijiji walikuwamo Waafrika waliookolewa utotoni, wakasomeshwa Nasik nchini India, kisha wakarejea Afrika Mashariki. Mmoja wa wanafunzi wa Nasik, Matthew Wellington, alikuwa katika msafara uliousafirisha mwili wa David Livingstone kutoka bara hadi pwani. Baadaye aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka wa 1935.

Mkristo anayesimama chini ya mnara huo akiyajua haya hulisikia neno ‘ukombozi’ kwa namna nyingine. Kwa wakazi wa kwanza wa Frere Town, neno hilo halikuwa la mahubiri pekee. Lilimaanisha mikono iliyofunguliwa minyororo.

Ifahamike pia kwamba historia hiyo ina madoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 wasimamizi wa kijiji walishutumiwa kwa kuwaadhibu wakazi kwa viboko vikali. Msafiri mwaminifu halifichi jambo hilo. Anajifunza kwamba waliotumwa kuwaokoa wengine nao walihitaji kuokolewa, na kwamba hija isiyomfundisha mtu unyenyekevu haijakamilika.

Kaburi la Nyali na kilima cha Rabai

Upande wa Nyali, mkabala na kisiwa, kuna kaburi la Rosine Krapf. Alifariki Julai 1844, miezi michache tu baada ya kuwasili Mombasa na mumewe, mmishonari Mjerumani Johannes Ludwig Krapf. Mtoto wao mchanga alifariki siku chache baada ya kuzaliwa. Krapf mwenyewe alikuwa akiugua homa. Hakurejea Ulaya. Mwaka huohuo aliendelea kujifunza Kiswahili na kuanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo.

Mwaka wa 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, na wawili hao wakaweka kituo Rabai. Kutoka Bombolulu, msafiri hupitia kisiwani na Changamwe hadi Mazeras, kisha hukunja kuelekea Rabai, penye kanisa la kale na jumba la makumbusho. Kwa miaka mingi mavuno ya wawili hao yalikuwa haba. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete, aliyebatizwa akiwa karibu kukata roho. Rebmann alidumu pwani kwa takriban miaka 29 na kuondoka akiwa kipofu.

Hapa ndipo mkazi wa Bombolulu anapopaswa kutua na kutafakari. Mtaa wake unajulikana kote nchini kwa karakana za watu wenye ulemavu zilizoanzishwa mwaka wa 1969. Kanisa la bara hii lilianza na mtu ambaye wengi wangempita njiani. Anayetoka Rabai na kurudi nyumbani akampita jirani yake mwenye ulemavu bila salamu amefanya utalii, hajafanya hija.

Namna ya kwenda

Kwanza, soma kabla ya kuondoka, kwa maana asiyejua cha kutafuta huona mawe matupu. Pili, nenda na kundi dogo na mtenge muda wa kunyamaza na kusali kabla ya kupiga picha. Tatu, wasikilizeni wazee wa mahali. Rabai ni makao ya kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka wa 2008, na mgeni haingii humo bila idhini. Nne, usichukue udongo wala mawe ukiyadhania kuwa hirizi.

Aidha, usiidharau taabu ya njia. Kila mwaka kabla ya Juni 3, mahujaji hutembea kwa siku nyingi hadi Namugongo, Uganda, kuwakumbuka mashahidi waliouawa kati ya miaka ya 1885 na 1887. Uchovu wa miguu huwafunza subira ambayo kiti cha kanisani hakiwezi kufunza.

Mwenye uwezo wa kwenda Yerusalemu na aende. Asiye nao asijione amenyimwa baraka. Aanze na Kengeleni, kwa nauli ya matatu, akiwa na mtoto wake mkononi. Mtoto akiuliza kengele ile ni ya nini, awe na jibu.