Mali Bila Daftari: Jicho la Kamera Katika Miamba ya Kondoa

 

Nianze na jambo lililo ndani ya nyumba zetu. Nyumba nyingi za mjini zina picha moja ya zamani. Pengine ni ya babu, amevaa kanzu na koti, ameketi kwenye kiti cha studio, na nyuma yake limetundikwa pazia lililochorwa minazi. Picha hiyo ni moja tu, filamu yake haipo tena, na kila mwaka inazidi kupauka. Siku moja mtu wa nyumbani huichukua akaipeleka kwa mpiga picha ili ipigwe upya kabla uso wa babu haujafutika. Hakuna anayemcheka mtu huyo. Wote tunaona kwamba ametumia akili.

Leo nataka tuzungumze juu ya picha nyingine za mababu, ambazo nazo zinapauka. Hizi hazimo katika albamu. Zimo juu ya mawe, katika wilaya ya Kondoa. Ukitoka Dodoma kwa barabara kuu iendayo Babati na Arusha, ukaupita mji wa Kondoa, unafika mahali paitwapo Kolo. Hapo vilima vimejaa majabali makubwa yaliyoinama mbele kama paa la kibanda. Chini ya mapaa hayo, watu wa kale walichora. Walichora twiga, tembo na pofu. Walichora pia watu wembamba, warefu, wenye vichwa vilivyopambwa kwa namna ya ajabu. Mahali penye michoro hiyo hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 450, katika eneo la kilometa za mraba 2,336. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro hiyo ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sasa tujiulize: nani aliyeitia michoro hiyo katika daftari? Waliofanya kazi hiyo ni wengi, lakini mmoja anastahili kutajwa kwanza. Huyo ni Mary Leakey, mama yule yule ambaye mwaka 1959 aliliona fuvu la Zinjanthropus kule Olduvai. Wengi wetu tunamjua kwa mafuvu na kwa nyayo za Laetoli. Tunasahau kwamba alianza maisha yake kwa kalamu na brashi. Baba yake alikuwa mchoraji wa mandhari, na yeye mwenyewe, alipokuwa bado mtoto, alipelekwa kuyaona mapango yenye michoro huko Ufaransa. Aliingia katika akiolojia kwa mlango wa uchoraji, kwani kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuchora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya wataalamu.

Mwaka 1951, yeye na mumewe Louis walipiga kambi Kondoa kwa muda wa miezi kadhaa. Mama huyu alikuwa akitandaza karatasi ing'aayo juu ya mwamba, akafuata kila mstari kwa mkono, kisha akarudia mchoro mzima kwa rangi zinazofanana na zile za mwambani. Walitembelea mahali 186, na wakanakili kiasi cha michoro 1,600. Kitabu chake juu ya michoro hiyo kilitoka mwaka 1983, miaka zaidi ya 30 baadaye.

Kwa nini mtaalamu wa mifupa apoteze miezi juu ya rangi? Jibu ni rahisi. Mfupa utakwambia mtu alikula nini na alikufa akiwa na umri gani. Hauwezi kukwambia alitengeneza nywele zake vipi, alicheza ngoma gani, au alimshikaje mwenzake mkono. Michoro inasema hayo.

Hata hivyo, kunakili kwa mkono kuna kasoro yake. Mkono hauwezi kufuata mstari ambao jicho halikuuamini. Anayenakili hana budi kuamua: huu ni mguu, ule ni ufa wa jiwe. Chukua mfano wa mchoro mmoja mashuhuri wa Kolo. Watu kadhaa wamesimama katika safu, na aliye katikati ameshikwa mikono huku na huku. Mary Leakey aliona kwamba huyo ni mwanamke anayetekwa na watu waliovaa vinyago. Mtaalamu wa Afrika Kusini, David Lewis-Williams, aliona kitu kingine kabisa: mtu aliyepandisha maruhani katika ngoma ya uganga, akisaidiwa na wenzake asianguke. Mwamba ni ule ule, lakini maoni ni mawili. Ndiyo sababu inatakiwa kumbukumbu ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia na kuipima kwa macho yake mwenyewe.

Hapo ndipo kamera inapoingia. Mwaka 1996 mpiga picha David Coulson, ambaye alikuwa ameanza na picha za mandhari za kusini mwa Afrika, alianzisha mjini Nairobi taasisi ya kuhifadhi kumbukumbu za michoro ya miambani ya Afrika nzima. Mary Leakey alimtia moyo katika jambo hilo, na mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, mama huyo alifariki dunia. Coulson alishirikiana na Alec Campbell, mtaalamu aliyeanzisha Makumbusho ya Taifa ya Botswana, na kitabu chao kikubwa kilitoka mwaka 2001. Katika safari zao walikwenda kuanzia Sahara hadi kusini kabisa mwa bara.

Msikilizaji anaweza kusema: kupiga picha kuna ugumu gani? Leo kila mwenye simu ya mkononi ni mpiga picha. Ndugu yangu, kupiga picha ya mwamba si sawa na kupiga picha ya harusi. Mchoro uliochongwa katika jiwe unahitaji mwanga unaotoka ubavuni, ili kila mfereji utoe kivuli chake. Jua la saa sita mchana huufuta kabisa. Mchoro wa rangi unahitaji kinyume chake, yaani mwanga laini ulioenea sawasawa, kwa sababu jua kali na kivuli vikikutana juu ya rangi hafifu, jicho la kamera huchanganyikiwa. Kando ya mchoro huwekwa kijiti chenye vipimo na kadi ya rangi, ili atakayeiona picha baada ya miaka 50 ajue ukubwa wa mchoro na wekundu wake halisi.

Hiyo naiita picha ya daftari. Lakini mwanaakiolojia anayegeuka mpiga picha wa sanaa hupiga na picha ya pili. Hurudi nyuma hatua 100, akangoja jioni, akauchukua mwamba pamoja na kilima, miti, na uwanda mpana unaotazamana nao. Wapo wanaodhani kwamba hayo ni mapambo tu. Sivyo. Mchoraji wa kale alichagua jabali hili akaliacha lile. Huenda alitaka kuwaona wanyama wakipita bondeni, huenda alitaka mahali pa siri. Ukikata mchoro peke yake ukautundika ukutani mwa jumba la maonyesho, umechukua neno moja ukaiacha sentensi nzima. Picha ya daftari hutuambia kilichochorwa ni nini. Picha ya mandhari hutuonyesha kilichorwa wapi, na hapo ndipo swali la kwa nini linapoanza.

Ufundi nao umesonga mbele. Mwaka 2005 Mmarekani Jon Harman alitoa programu ya kompyuta iitwayo DStretch. Inatumia mbinu iliyokuwa ikichambulia picha za dunia zilizopigwa kutoka angani. Programu hiyo huzitenganisha rangi zinazokaribiana, na mchoro ambao jicho halikuuona hujitokeza. Hii ina faida kubwa, maana zamani wageni walizoea kumwagia michoro maji ili ing'ae katika picha. Maji hayo huleta chumvi juu ya jiwe, na chumvi huila rangi. Sasa mwamba unaweza kuachwa ukiwa mkavu, na kazi ikafanywa mezani.

Liko jambo moja ambalo kamera haiwezi: haiwezi kutaja umri. Rangi nyekundu ya Kondoa ni udongo wenye kutu ya chuma, nayo haipimiki kwa njia ile inayopima mkaa na mifupa. Tunajua kwamba michoro myeupe mara nyingi iko juu ya ile myekundu, kwa hiyo ni ya baadaye, na wataalamu wengi huihusisha na jamii za wakulima. Ile myekundu huhusishwa na wawindaji, ndugu wa kale wa Wasandawe na Wahadzabe. Zaidi ya hapo, anayekutajia mwaka kamili mwulize ameupata wapi.

Wala kazi haijaisha. Mwaka 2018, katika pori la Swaga Swaga, mwanaakiolojia Maciej Grzelczyk kutoka Poland alikuta jabali lenye michoro ya watu wenye vichwa mfano wa nyati, na habari zake zilichapishwa mwaka 2021.

Sasa nije kwenye lililo zito. Picha hizi zina maadui. Jua, mvua, nyigu wanaojenga juu yake, na moshi. Binadamu naye yumo. Yapo mahali ambapo zilijengwa kinga za waya mbele ya michoro, na waya hizo ziking'olewa zikaenda kufanya kazi nyingine vijijini. Wapo waliochimba chini ya majabali wakitafuta mali inayosemekana ilifukiwa na Wajerumani. Wapo walioandika majina yao ukutani.

Lakini yupo mwingine ambaye sithubutu kumwita adui. Pale Mungomi wa Kolo, wazee wa Kirangi bado hufanya matambiko ya kuomba mvua na kuponya wagonjwa, na pombe ya nafaka hurushwa kwenye mwamba. Mhifadhi anashika kichwa: rangi inaharibika! Mzee naye anashangaa: mwamba huu ulikuwa mahali petu pa maombi kabla kamera haijazaliwa. UNESCO yenyewe, ilipoiandikisha Kondoa, iliyahesabu matambiko hayo kuwa sehemu ya thamani ya mahali hapo. Basi kumfukuza mzee kwa ajili ya kuokoa mchoro ni kuokoa ganda na kuitupa mbegu. Njia iliyobaki ni kukaa kitako na kupatana ni mwamba upi, upande upi, na kwa kiasi gani. Mazungumzo hayo hayawezi kufanywa na kamera.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la michoro ya Afrika sasa lipo. Kiasi cha picha 25,000 za taasisi ile ya Nairobi zimeingizwa katika kumbukumbu za Makumbusho ya Uingereza, London. Ni jambo jema, kwani rangi ikifutika leo, picha itasema kesho. Ila daftari si mali yenyewe. Mali iko Kolo, chini ya jabali, kwa safari ya siku moja ya basi kutoka Dar es Salaam, na wengi wetu tumeshaiona Ulaya kwenye televisheni kabla ya kuiona hiyo.

Ukienda, chukua mwongozaji wa pale pale. Usiguse, usimwagie maji, usiwashe moto. Piga picha yako, kisha rudi nyuma hatua 100 upige na ya pili. Na ukirudi nyumbani, itazame tena ile ya babu. Ikiwa inapauka, usingoje.

Hadi juma lijalo, kwa heri.